Fani na Maudhui katika Seli: Kuhifadhi Umbizo la Matini katika Uunganishaji wa Barua

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hakai chuoni muhula mmoja kabla ya kuambiwa kwamba fani na maudhui hazitenganiki. Huambiwa kuwa mhakiki anayeyachambua maudhui na kuiacha fani amelishughulikia nusu ya jambo, na yamkini hata nusu hiyo hakuielewa. Fundisho hilo limezoeleka kiasi kwamba hurudiwa katika mitihani bila kufikiriwa. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo anapoketi mbele ya tarakilishi kuandaa vyeti vya washiriki wa kongamano, barua za mwaliko au orodha ya istilahi zilizokusanywa na chama chake, hutumia chombo kilichoundwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa: kwamba maudhui ni kitu kimoja na fani ni kitu kingine, na kwamba kimoja chaweza kusafiri bila mwenzake.

Chombo chenyewe ni uunganishaji wa barua. Data hupangwa katika lahajedwali, aghalabu la Excel, kila mtu au kila kidahizo katika mstari wake na kila sifa katika safu yake. Kando huandaliwa kiolezo katika programu ya kuandikia kama vile Word, chenye matini yasiyobadilika, na ndani ya matini hayo hutiwa nyuga zenye majina ya zile safu. Amri moja ikitolewa, kiolezo huzaa hati mia tatu, kila moja ikiwa na jina lake, tarehe yake na alama zake. Kwa yeyote aliyewahi kuandika vyeti kwa mkono, jina baada ya jina, hiyo ni neema isiyo kifani. Lakini neema hiyo huja na hasara ambayo mara nyingi hugunduliwa karatasi zikiwa zimekwisha kutoka kwenye printa. Italiki zimetoweka. Wino mzito umekuwa mwepesi. Tarehe zimegeuzwa, sufuri za mwanzo zimemezwa, na wastani uliosomeka 67.4 katika lahajedwali sasa unasomeka 67.400000000000006. Lawama zote hutupiwa mashine, na lawama hizo hazina msingi.

Kiini cha tatizo ni kwamba seli moja ya lahajedwali hubeba vitu viwili ambavyo jicho huviona kama kimoja. Kuna thamani iliyohifadhiwa, na kuna vazi ambalo thamani hiyo imevishwa ili ionekane. Tarehe 12 Machi 2010 kwa Excel si tarehe hata kidogo; ni nambari 40249, yaani hesabu ya siku inayoanzia mwaka wa 1900. Kuonekana kwake kama tarehe ni vazi tu. Asilimia 68.5 ni 0.685 iliyovishwa alama ya asilimia. Shilingi 12,500 ni 12500 iliyovishwa mkato. Neno lililolazwa kwa italiki ni herufi zilezile za kawaida, na ule ulalo ni vazi juu yake. Hadi toleo la Word la mwaka wa 2000, programu hiyo ilipotaka data kutoka Excel iliiomba Excel yenyewe ifunguke na kuisomea yale yaliyoonekana kwenye kioo, hivyo mavazi ya nambari na tarehe yalivuka. Kuanzia toleo la 2002, njia ya kawaida ikawa kuingia moja kwa moja ghalani na kuichukua thamani ikiwa uchi. Ama italiki na wino mzito, hizo hazikuvuka kwa njia ya kale wala hazivuki kwa njia mpya.

Wataalamu wa hati za kale za Kiswahili hawatalishangaa jambo hili. Tungo za pwani zilipoandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadhi ya sauti hazikuwa na alama zake mahususi. Irabu e na i, o na u, mara nyingi zilishiriki alama moja, na konsonanti kama p, v na ch zililazimika kuazima alama za jirani zao. Yaliyoachwa nje na hati yalirejeshwa na msomaji aliyeijua lugha. W. E. Taylor alipozikusanya tungo za Muyaka mjini Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alimtegemea Mwalimu Sikujua kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine: hati peke yake haikutosha. Kila chombo cha kuhifadhia maneno kina mambo kinachoyabeba na mambo kinachoyaacha. Msomi hutarajiwa kuyajua yanayoachwa kabla hajakabidhi matini yake.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni kazi za makarani, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mengi ya maana zaidi ya kufanya kuliko kushughulikia nyuga na safu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito iwapo umbizo lingekuwa pambo. Katika taaluma ya lugha umbizo si pambo. Tazama kidahizo kimoja cha kamusi au cha faharasa ya istilahi. Neno lenyewe huandikwa kwa wino mzito, kategoria yake kwa kifupisho, maana kwa herufi za kawaida, na mfano wa matumizi kwa italiki. Msomaji haelezwi kwa maneno kwamba sasa maana imekwisha na mfano umeanza; italiki ndiyo inayomwambia. Zikiondolewa, maana na mfano humiminika pamoja kama maji na maziwa, na mwanafunzi wa shule ya upili anayeitumia faharasa hiyo atadhani mfano ni sehemu ya maana. Katika isimu, sentensi inayojadiliwa hutofautishwa na sentensi inayoijadili kwa italiki hizohizo. Katika marejeleo, italiki humwonyesha msomaji lipi ni jina la kitabu na lipi ni la makala. Anayeziita hizi kazi za makarani basi na afanye jaribio: achukue tasnifu yake mwenyewe, aziondoe italiki zote, kisha aikabidhi kwa msimamizi wake.

Nao ushairi una madai yake. Tangu mgogoro wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, hakuna mwanafunzi asiyejua kwamba mpangilio wa mishororo ni hoja yenyewe, hasa katika shairi huru, ambalo halina vina wala mizani ya kumwonyesha msomaji mahali mshororo unapokomea. Chama kikiamua kuchapisha diwani ndogo ya wanachama na kuyaweka mashairi katika lahajedwali, kila shairi katika seli yake, kitakutana na jambo lisilotarajiwa. Kiunganishi kinachoyasoma malahajedwali huzichungulia safu za data kabla ya kuzibeba. Kwa kawaida hutazama mistari minane ya kwanza na kuamua kutokana nayo safu hiyo ni ya aina gani. Iwapo mashairi manane ya mwanzo ni mafupi, yote yaliyosalia huweza kukatwa yanapofikia herufi 255. Ubeti mmoja wa tarbia wenye mizani 16 katika kila mshororo hutoshea humo. Beti mbili hazitoshei. Mshairi atakuta ubeti wake wa pili umekatwa katikati, pengine katikati ya neno, na hakuna onyo lolote litakalokuwa limetolewa. Tiba yake ni rahisi mno kwa anayeijua: shairi refu kuliko yote na liwekwe katika mstari wa kwanza wa data.

Uchunguliaji huohuo wa mistari minane ndio unaoziharibu nambari za usajili. Safu yenye mchanganyiko, baadhi ya wanachama wakiwa na nambari tupu na wengine nambari zilizotanguliwa na herufi, huamuliwa kuwa ya nambari ikiwa nambari tupu ndizo zilizo nyingi mwanzoni. Wenye herufi hurudishiwa sufuri au pengo. Na nambari za simu za mkononi za Kenya, ambazo huanza kwa 07 au 01, hupoteza sufuri yake mara tu zinapoandikwa katika seli ambayo haijatangazwa kuwa ya matini. Hapo tarakilishi haijakosea. Imeambiwa kwamba hicho ni kiasi, na kiasi hakianzi kwa sufuri. Nambari ya simu si kiasi. Hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na yapasa itangaziwe seli kama jina.

Mfano unaomgusa Mswahilishaji kwa karibu zaidi ni ule wa king'ong'o. Kibainishi kinachokaa baada ya ng ni sehemu ya herufi. Bila hicho, ng'oa na ngoa ni maneno yaleyale kwa jicho, ilhali kwa sikio na kwa maana yanatofautiana kama ardhi na mbingu. Sasa na itazamwe safari ya kibainishi hicho. Mshiriki anayeitwa Ng'ang'a, Nyong'o au Ong'ondo hujisajili kwa simu, na simu yake huandika kibainishi kilichopinda badala ya kile kilichonyooka. Orodha hupakuliwa ikiwa faili ya matini matupu, kisha hufunguliwa na programu inayodhani kwamba faili hiyo imeandikwa kwa mfumo mwingine wa usimbaji. Ng’ang’a hugeuka kuwa Ngâ€™angâ€™a. Iwapo mwandalizi ana haraka, jina hilo huchapishwa juu ya cheti vivyo hivyo. Iwapo hana haraka, huifuta ile takataka na kuacha Nganga, ambalo ni jina jingine. Cheti ni ushahidi. Mwenye cheti atakipeleka kwa mwajiri pamoja na kitambulisho chake, na majina mawili yasipolingana atakayetiliwa shaka si chama kilichokiandaa.

Hata pasipo uharibifu huo wa wazi, vibainishi viwili, kilichonyooka na kilichopinda, kwa tarakilishi ni herufi mbili tofauti. Mtu mmoja aliyejisajili mara mbili, kwa simu na kwa tarakilishi, huhesabiwa kuwa watu wawili na kuandaliwa vyeti viwili. Zaidi ya hayo, Excel inapopanga orodha kialfabeti huvipuuza vibainishi, hivyo maneno ya ng' huchanganywa na maneno ya ng kana kwamba hakuna tofauti. Kwa mtungaji wa faharasa anayetaka yale ya ng' yakae peke yake hilo ni kosa, na halirekebishiki kwa kubofya kitufe. Inambidi abuni safu ya ziada yenye ufunguo wa kupangia, ambamo ng' imewakilishwa kwa alama nyingine. Waliosanifisha maandishi ya Kiswahili hawakukitia kibainishi hicho kwa ajili ya urembo. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kukitetea kwa ukali katika somo la fonolojia asubuhi, na jioni akaidhinisha orodha ya wanachama wasio nacho.

Yapo mazoea mawili yaliyoenea katika kulikabili tatizo hili, na yote mawili hayafai. La kwanza ni kukarabati kwa mkono. Hati zikishaunganishwa, mtu hukaa usiku kucha akizilaza italiki moja baada ya nyingine. Kwa hati kumi hakuna ubaya, na mwenye kuandaa barua kumi asisumbuliwe na nadharia. Kwa vidahizo mia sita ni jambo jingine. Ukarabati wa mkono hauachi alama yoyote katika data. Mhariri akirekebisha maana tatu na kuomba orodha iunganishwe upya, kazi yote ya usiku ule imepotea. La pili ni kuipamba lahajedwali zaidi na zaidi kwa matumaini kwamba safari hii mapambo yatavuka. Hayatavuka, hata yakikozwa namna gani.

Njia iliyo sahihi huanza kwa kukubali kwamba umbizo ni kazi ya kiolezo. Uga wa mfano wa matumizi ukilazwa kwa italiki ndani ya kiolezo, kila mfano utakaomiminwa humo utalala. Katika Word huo ulazaji unapaswa kugusa uga wenyewe, si matokeo yake ya muda. Anayetaka uhakika huongeza swichi ya CHARFORMAT mwishoni mwa uga, na hapo herufi ya kwanza ya jina la aina ya uga ndiyo inayoamua sura ya matokeo yote. Tarehe na nambari nazo hupewa mavazi yake papo hapo katika uga, kwa swichi zinazotaja mpangilio: siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Swichi hiyo isipowekwa, tarehe 3 Aprili huweza kutoka kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia, na msomaji wa Nairobi akaisoma kuwa tarehe 4 Machi na kufika kwenye kongamano mwezi mmoja kabla. Wastani wa alama ukipewa nafasi moja ya desimali katika uga, ule mkia wa sufuri na sita hautaonekana tena.

Lakini kiolezo hakiwezi kutofautisha kile ambacho data haijatofautisha, na hapa ndipo kazi inapokuwa ya kitaaluma hasa. Wengi huandika kidahizo kizima katika seli moja: neno, kategoria, maana na mfano, wakikilaza hiki na kukikoza kile. Seli hiyo itavuka ikiwa donge moja. Yapasa igawanywe katika safu nne, na kugawanya huko si jambo la kubofya tu. Mtungaji hulazimika kuamua kila sehemu ya kidahizo ni nini. Je, wingi wa nomino ni sehemu ya kidahizo au ni safu ya tano? Methali iliyotolewa kama mfano ihesabiwe pamoja na sentensi za kawaida? Asili ya neno itawekwa wapi? Maswali hayo ni ya leksikografia, na seli moja iliyopambwa huyaficha. Orodha ya marejeleo nayo huhitaji safu ya mwandishi, ya mwaka, ya jina la kazi, ya mahali na ya mchapishaji. Jina la kazi hulazwa katika kiolezo mara moja, na kosa la kusahau italiki haliwezekani tena. Faida nyingine hujitokeza baadaye: jarida likibadilisha mtindo wake wa marejeleo, hubadilishwa kiolezo kimoja, na data haiguswi.

Husalia hali moja ngumu, ile ya neno moja lililolazwa katikati ya maelezo marefu, mahali pasipotabirika. Safu haisaidii hapo. Kinachosaidia ni kuitia data yenyewe alama, neno likizungushiwa ishara mbili za reli, kisha baada ya kuunganisha, programu ya kuandikia iamriwe itafute kila kilichomo kati ya ishara hizo, ikilaze, na kuzifuta ishara. Alama ya nyota isichaguliwe kwa kazi hii. Wanaisimu wameshaitwaa kuashiria sentensi isiyokubalika, na zaidi ya hayo programu yenyewe huifasiri kuwa chochote kile.

Lawama kwamba tarakilishi haijui Kiswahili nayo yahitaji kupimwa. Ilikuwa na ukweli mwingi zamani kuliko sasa. Mwaka wa 2004 mradi uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Istilahi kama lahajedwali na umbizo zilipata nafasi ya kutumika, ingawa hadi leo Mkenya husema tarakilishi na jirani yake wa Tanzania husema kompyuta, na uunganishaji wa barua haujapata jina linalokubaliwa na wote. Upungufu wa sasa uko zaidi kwa watumiaji. Lugha ya kiolezo huachwa kuwa Kiingereza kwa sababu ndivyo programu ilivyofunguka, na cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu kuanzia juu hadi chini hubeba tarehe isemayo March. Kiswahili cha Kenya kimo katika orodha ya lugha za programu hizo. Mwandalizi akiuteua uga wa tarehe na kuutangazia lugha hiyo, mwezi hutoka kuwa Machi. Katika Excel yenyewe, umbizo la tarehe likitanguliwa na msimbo [$-441] hufanya vivyo hivyo.

Idara nyingi za Kiswahili hufundisha uhariri na uchapishaji, na nyingine zina kozi ya leksikografia. Humo ndimo somo hili linapostahili kuingizwa, kwa saa mbili au tatu tu, likifundishwa na mhadhiri wa Kiswahili badala ya fundi wa maabara, kwa sababu fundi atajua namna ya kulaza herufi lakini hatajua ni ipi inayopasa kulazwa. Zoezi la kwanza laweza kuwa la vidahizo ishirini vyenye ng', vilivyogawanywa katika safu, vikaunganishwa, kisha vikalinganishwa na nakala iliyoandikwa kwa mkono. Mwanafunzi aeleze kila tofauti atakayoiona na aseme imeingilia wapi.